Bushi Aliyoleta Baba

Mume wangu alikuwa fundi wa kukereza mbao, na nilimpenda kwa hilo kabla ya kumpendea jambo jingine lolote. Mimi nilizaliwa Namswea, juu milimani, katika nyumba ya kahawa na jembe. Tangu utotoni nilijua sitaki kuzeeka nimeinamia shamba la mtu, hata mtu huyo akiwa baba yangu mzazi. Kwa hiyo aliponichumbia Mnyasa, mtu wa ziwani, mwenye vumbi la mninga kwenye nyusi, sikujifanya kufikiri sana.

Karakana ya ushirika aliyofanyia kazi Mbinga mjini ilifungwa wakati biashara ya kahawa ilipofanywa huria. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaja na mizani yao, ushirika ukafa, mafundi wakaambiwa waende nyumbani. Wengine waliondoka na maneno ya shukrani. Mume wangu aling'ang'ana mpaka akaondoka na mashine ya kukereza, kuukuu, ya Mwingereza, nzito ajabu. Tuliiteremsha kwa lori hadi kijiji cha Tingi, chini ya milima, tukaifunga katika kibanda kilichopakana na mashine ya kusaga ya jirani. Jirani alikubali injini yake ituzungushie na sisi kwa mkanda. Akisaga, tunakereza. Asiposaga, tunapiga msasa. Mashine ile ndiyo iliyonitenga na jembe, na nilikuwa naipangusa kwa kitambaa kila jioni kwa bidii kuliko nilivyopangusa vyombo vyangu.

Mbele ya mashine ya namna hiyo kuna kishikio, chuma cha mviringo chenye meno manne yanayouma mti usichomoke. Kishikio hakikai chenyewe kwenye shafti, ule mhimili unaozunguka. Katikati yake huingia bushi, pete nene yenye nyuzi kwa ndani, na nyuzi hizo lazima zilingane na za shafti: unene uleule, na nafasi ileile kati ya uzi na uzi. Shafti yetu ilikuwa ya inchi. Vitu vilivyokuwa vimefurika madukani wakati ule vingi vilikuwa vya milimita. Ukivitazama kwa macho utadhani ni mtu na nduguye.

"Bushi yako inaingia kwa vidole mpaka ikae begani mwa shafti," mume wangu alinifundisha nilipokuwa namsaidia. "Ikikataa vidole, usiitafutie spana. Imeshakwambia siyo yako."

Kishikio chetu kilipasuka. Bila hicho angeweza kukereza miguu ya vitanda tu, iliyobanwa ncha kwa ncha. Bakuli na vigoda, vilivyotulisha hasa, visingewezekana. Hapo ndipo baba yangu alipoingia. Baba alikuwa amegeuka wakala wa mnunuzi mmoja wa kahawa, amevaa kofia mpya, ana safari za Dar es Salaam. Alituma neno kwamba atamletea mkwe wake kishikio kipya kabisa, zawadi.

Kilichotakiwa ni kidogo: abebe bushi ya zamani, dukani wailinganishe na mpya. Lakini kwetu baba mkwe hatumwi. Mkwe ni mtu wa kumwinamia macho na kumpisha njia, si wa kumpa kifurushi na maagizo. Mume wangu aliifunga bushi ile kwenye kitambaa, akanipa mimi niipeleke Namswea. Baba aliigeuzageuza, akanirudishia.

"Niende Dar na chuma kilichochakaa mfukoni, watu wanione muuza vyuma? Wale wana maduka. Wanajua kazi yao."

Nilirudi nayo Tingi. Nikamwambia mume wangu aende mwenyewe, aseme kiume.

"Mkwe hatumwi, mama. Hata kukutuma wewe nimeshavuka mpaka."

Baba alirudi na sanduku zuri, la bluu, akaja nalo Tingi pamoja na wadogo zake wawili. Nilipika samaki wa mbasa na ugali, wakala, wakanawa. Mume wangu alichuchumaa mlangoni, akasema shikamoo, macho chini. Baba alieleza safari yake yote kabla ya kufungua sanduku.

"Wakaniuliza, mzee, mashine ni ya nyuzi gani? Nikawaambia ya Ulaya. Wakanipa ya Ulaya."

Ndani mlikuwa na kishikio kinachong'aa na bushi moja. Tukaenda kibandani sote. Mume wangu aliipandisha bushi kwenye shafti kwa vidole. Ikacheza, ikaingia kidogo, ikagoma. Akaitoa, akaifuta, akairudisha. Ikagoma palepale. Akanitazama, na katika yale macho niliona kwamba ameshajua. Mashine ilikuwa salama bado. Ilibaki kusema tu.

"Vipi?" baba akauliza.

"Inaingia, baba. Ni ngeni tu."

Nikasema mimi. Nilisema, "Baba, haiingii. Ni ya milimita hiyo. Wewe mwenyewe, baba watoto, ulinifundisha ikikataa vidole isiguswe na spana."

Wadogo zake baba walicheka. Baba hakucheka. Alimgeukia mume wangu taratibu.

"Kumbe fundi ni huyu?"

Na mume wangu, Mungu amsamehe kwa niaba yangu maana mimi nimeshindwa, alinijibu mbele yao: "Nenda kaangalie watoto. Kazi ya vyuma hii."

Sikwenda. Nilisimama palepale nikaangalia. Alipaka grisi, akaleta spana ya bomba. Alikaza kwa adabu, kidogokidogo, kama mtu anayeomba radhi. Baba akaona anachelewa, akavua koti, akachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana, akaegemea na uzito wake wote wa kahawa. Chuma kikalia. Bushi ikaenda, ikakaa upande, na kishikio kikafungwa juu yake.

"Umeona?" baba akasema. "Vitu vipya vinataka nguvu."

Injini ya jirani ilipowashwa, kishikio kilizunguka kinayumba mpaka kibanda chote kikatetemeka. Baba aliridhika. Hata magunia ya kahawa yalikuwa yanayumba kwenye mizani yake na alikuwa anaridhika vilevile. Aliagana nasi akaondoka, na mume wangu akamsindikiza mpaka barabarani huku amembebea koti.

Kishikio hakikutoka tena. Tulijaribu mafuta ya taa, tukajaribu kugonga. Kilipotoka hatimaye kilitoka na nyuzi za shafti, zimepukutika kama mahindi kwenye gunzi. Fundi mmoja wa Mbinga alitueleza kwamba shafti ingejazwa kwa kuchomelea, kisha ichongwe nyuzi upya kwenye mashine ya kukerezea chuma. Mashine hiyo ilikuwapo kwenye ileile karakana ya ushirika. Tulipokwenda tukakuta jengo lina mwenyewe mpya, na mahali pa mashine pamejaa marobota ya mitumba hadi darini. Mashine iliuzwa, hawakujua kwa nani. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulilisikia la mkuu, na guu likavunjika.

Mume wangu aliteremka ziwani kwa kaka zake, akaanza kuvua usipa, dagaa wa ziwani, kazi aliyokuwa ameikimbia tangu ujana. Mimi nilipanda mlima. Nilichuma kahawa katika shamba la baba yangu, pamoja na vibarua, na jioni nilisikia akiwaambia wageni wake, "Mkwe wangu nilimpa mashine mpya kabisa kutoka Dar. Imemshinda. Mnyasa mpe wavu." Wakacheka. Nilipomweleza mume wangu, alisema tu, "Mzee anatania." Nilimchukia baba kwa kusema, nikamchukia mume wangu zaidi kwa kunyamaza. Heshima si utumwa, nilimwambia. Akasema ndiyo, akaendelea kushona wavu.

Baba alifariki miaka ile bei ya kahawa ilipoanguka na wanunuzi wakatoweka na mizani yao. Msibani, baada ya kuzika, wakwe walipewa nafasi ya kusema. Mume wangu alisimama, amevua kofia.

"Baba huyu alinijali kuliko mwanaye wa kumzaa," akasema. "Alinisafiria mpaka Dar es Salaam. Alinipa kifaa cha kazi. Kilinifaa. Mwacheni mzee apumzike."

Watu wakaitikia. Shangazi yangu alinifinya mkono, akadhani machozi yangu ni ya baba.

Tuliteremka kurudi ziwani kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Sikuweza kuvumilia.

"Kilikufaa?"

Hakugeuka. "Ulitaka niseme nini mbele ya watu?"

"Kweli."

"Marehemu hasemwi vibaya, mama."

"Siku ile alikuwa mzima," nikasema. "Alikuwa amesimama mbele yako."

Alitembea mpaka tukayaona maji. Kisha akaniambia, kwa upole uleule aliokuwa nao na baba yangu, kwamba nisimkosee heshima njiani.