Barua ya Afisa na Muuza Chumvi

Mwanangu, kuna siku moja ya miaka ile ya sabini ninayoikumbuka vizuri kuliko nyingine. Tulikaa kamati ya watu watano katika ofisi ya biashara mjini Arua, Uganda, tukitunga masharti ya vibali vya kuuza chumvi. Chumvi ilikuwa adimu wakati ule. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, mshika kalamu. Wanne kati yetu tulisoma chuo kimoja. Wa tano alikuwa shemeji wa mwenyekiti. Hatukuwa wezi, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Mwenyekiti alisema kila mwombaji alete barua ya afisa wa serikali anayemfahamu, ili tuwazuie walanguzi. Tukaona ni haki kabisa. Nani asiyemfahamu afisa hata mmoja? Sisi tuliwafahamu tele, tulikula nao kila Jumapili. Nikaliandika sharti hilo kwa mwandiko wa kujivunia.

Baada ya wiki mbili akaja Mama Halima kutoka Koboko, mjane aliyeuza chumvi sokoni tangu mimi sijaota ndevu. Nilipopangiwa kazi kule mara ya kwanza, ndiye aliyenipa chumba na kunilisha. Akaweka karatasi yetu mezani.

"Hii inasema mimi nalete barua ya afisa," alisema. "Mimi najua afisa moja tu. Iko wewe."

"Mama, mimi niko kwenye kamati. Siwezi kukuandikia."

"Basi ongea na wenzako, watoe hiyo maneno ya barua."

Ningeweza kulisema jambo hilo kikaoni. Lakini mwenyekiti ndiye aliyekuwa akilipendekeza jina langu kwa cheo cha Kampala, nami niliogopa kuonekana msumbufu. Sharti likabaki lilivyo. Kibali cha Koboko kikaenda kwa mtu aliyecheza mpira na mwenyekiti shuleni. Mama Halima akaacha soko, akarudi kulima kwa kaka yake. Mimi nikapanda cheo. Naona aibu kukusimulia.

Sasa umeajiriwa wizarani, na wenzako ni wale wale mliosoma pamoja. Wapende tu, si dhambi. Ila kabla hujatia sahihi sharti lolote, toka nje umtafute muuzaji asiyemjua yeyote kati yenu, umwulize kama ataliweza. Akisema hawezi, rudi ukaseme hivyo mbele ya bosi wako, hata kama cheo chako kiko mkononi mwake. Mungu akujalie kazi ndefu yenye heri, na siku ya kikao akupe ulimi ambao mimi sikuutumia.