Leso ya Mama Mkwe

Kabla mlango haujafunguliwa nilisikia gitaa na makofi, na moyo wangu nao ukaanza kucheza bila kualikwa. Hapo palikuwa Merrylands, mtaa wa ughaibuni, nyumbani kwa mama yake Camila, Mchile, na nilikuwa nimeenda kujipendekeza ili anipe binti yake.

Camila alikuwa jikoni. Mimi, mtoto wa Mombasa, sikungoja mkalimani. Nilimkabidhi mama zawadi ya kanga, ambayo kwetu twaiita leso, ikiwa bado imefungwa, nikatoa Kihispania nilichojifunza kwenye simu: "Kwako, leso!"

Gitaa la jamaa zake likanyamaza. Nikadhani hawakunisikia.

"Mama yangu, leso!" nikapaza sauti. "Bibi yangu, leso! Kwetu wanawake wote, leso!"

Camila akatoka mbio, mikono imejaa unga. "Mpenzi, nyamaza! Kwa Wachile, leso ni mpumbavu!"

Akaichana karatasi, akamweleza mama yake. Mimi nikajifunika uso kwa karatasi ile ile.

Mama akajitanda leso mabegani, akasema kwa Kiingereza ili nielewe vizuri: "Naenda kumwonyesha jirani leso yangu."

"Leso ipi, Mama?" Camila akauliza.

"Ya kitambaa. Hiyo nyingine ibaki ioshe vyombo."

Akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.