Mnyororo Usiotaka Mafuta

Alhamdulillahi, aibu hii imenifika uzeeni, umri wa kuzoea kuomba radhi. Katika kiwanda chetu cha mageti hapa Mapinga, kila geti husafiri likining'inia kwenye mnyororo wa juu hadi kwa mpiga rangi. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiutia mafuta mnyororo huo. Majuzi tulifungiwa mota na mnyororo mpya.

"Mzee, mnyororo huu hautaki mafuta," fundi aliniambia. "Uache tu."

Niliona kuuacha ni kuhini amana. Kila asubuhi, kabla wenzangu hawajafika, nikapanda ngazi, nikasema bismillahi, nikatia.

Baada ya wiki, rangi ikaanza kubanduka. Mpiga rangi wetu, Mwanahawa, akaonywa kuwa geti moja zaidi likiharibika, kazi hana. Nikamwendea chini ya mnyororo kumuusia subira.

"Kila chuma nimekisafisha, babu. Sijui mafuta yanatoka wapi."

"Mja huanza kujikagua mwenyewe, mwanangu."

Akanitazama kichwani. Msimamizi naye akasogea, akatazama hapo hapo.

"Babu," Mwanahawa akasema taratibu, "hebu vua kofia."

Nikaivua. Ilikuwa na matone matatu meusi. La nne likaniangukia utosini.