Goli Asilolishangilia

Kabla sijafumbua macho nilisikia ko, ko, ko. Kaka yangu alikuwa kwenye balkoni ya fleti yetu, Mchafukoge, anagonga njumu ukutani zitoe udongo. Alikuwa ameshuka basi alfajiri, akitokea mkoani kwenye mechi ya mwisho ya msimu.

Kaka alikuwa straika wa kuhamahama: timu saba kwa miaka kumi na moja, mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Hakuwahi kubandikwa kwenye mabango. Alikuwa wa kuingizwa dakika ya sabini, mvua inanyesha, akafunge kwa kichwa. Sasa alikuwa na timu ya hapahapa mjini, mkataba unaisha, na nyumbani tuliomba waurefushe. Mama alikuwa amechoka kumsindikiza stendi.

Jana yake alikuwa amefunga goli lililoibakiza timu yake ligi kuu. Lilikuwa pia limeishusha daraja timu aliyoichezea zamani, na mchezaji hashangilii anapoifunga timu aliyowahi kuichezea. Wenzake walipomrukia, yeye aliinamisha kichwa akarudi katikati ya uwanja. Mashabiki wetu walinuna.

Asubuhi ile tulikwenda Kariakoo kununua vitumbua. Mchukuzi mmoja akasimamisha mkokoteni katikati ya njia.

"Straika, pole na msiba."

"Nishapoa."

"Goli lile ungelivisha na sanda kabisa. Tulidhani umemfunga baba mkwe."

"Sukuma mkokoteni, bro, unaziba njia," kaka akasema, akicheka. Tulipofika kona, kicheko kilikuwa kimekwisha.

Mchana katibu wa timu alikuja na bahasha ya kaki. Alimwamkia mama, akavua viatu, akaketi. Mkataba ulikuwa ndani, wa miaka miwili. Kaka hakuwahi kupewa miaka miwili na mtu yeyote.

"Ila kuna jambo dogo," katibu akasema. "Kesho uingie redioni. Uwaambie mashabiki kwamba ulipitiwa, na samahani."

"Sikupitiwa, mzee."

"Najua. Sema tu."

Kaka akaikunja suruali. Chini ya goti palikuwa na kovu refu, jeusi. "Nilivunjika nikiichezea timu ile tuliyoishusha jana. Mzee wao mmoja, mtunza jezi, alinibeba mgongoni kwenda msalani, miezi miwili. Jana nilipofunga alikuwa kwenye benchi lao, amejifunika taulo usoni. Nirukeruke mbele yake?"

"Hakuna anayemtukana mzee wa watu. Ni maneno mawili tu."

"Mwakani mkiniacha, nikaja kuwafunga ninyi, mtapenda nishangilie?"

Katibu akakoroga chai aliyoandaliwa na mama. Nilimtazama mama, nikingoja aingilie, maana aliitaka ile miaka miwili kuliko sisi sote. Mama akasogeza sahani ya vitumbua karibu na mgeni.

"Kula, baba," akamwambia. "Huyu nimemzaa mimi. Hatasema."

"Viongozi wenzangu hawatanielewa, mama."

"Najua."

Katibu alikula kimoja, akamaliza chai, akaiweka bahasha na mkataba wake kwapani. Alimpa kaka mkono, na kaka akaupokea kwa mikono miwili. Kisha mgeni akavaa viatu vyake, akatoka, na mama akafunga mlango.