Kikwembe cha Njia ya Kalengera

Nilikikata mimi. Mama alikuwa ameenda sokoni, makasi yalikuwa mkononi mwangu, na blanketi nililokuwa nikilishona lilikuwa limebaki na nafasi tupu katikati. Nilikuwa na miaka kumi na moja.

Tulikuwa wawili tu, mama na mimi, katika nyumba ya mbao mjini Goma. Baba, aliyekuwa karani, alikufa kabla sijajua kutembea. Mama alishona mablanketi ya viraka, na pale kwetu kila mtu aliyaita bulangeti ya bipande. Goma kuna baridi, hasa mvua ikikaa juma zima, na majirani walimletea nguo zao kuukuu ili awaunganishie. Mafundi cherehani wa karibu na soko nao walimpa mabaki yao. Vyote hivyo, pamoja na mashati ya baba na sketi zangu za shule zilizonibana, vilikaa kwenye gunia chini ya kitanda. Mama alikuwa na kipande cha karatoni chenye upana wa kiganja kilichofunuliwa. Alikiweka juu ya nguo, akachora kwa mkaa, akakata. Kwa upande wa chini aliweka magunia ya unga aliyoyachemsha mpaka maandishi yakafutika.

Mwisho kabisa wa gunia kulikuwa na kikwembe, yaani kitenge cha kujifunga, cha kahawia, kimechapwa kuku na vifaranga wake. Kila nilipokivuta, mama alisema, "Ile, iache." Sikuuliza. Nilidhani anakiweka kwa ajili ya sikukuu, ingawa sikukuu zilipita na hakukivaa.

Siku ile basi nikakivuta, nikakitandika sakafuni, nikakata vipande tisa. Nusu nyingine niliikunja vizuri nikairudisha. Mama alipoingia, aliweka kikapu chini, akatazama, akakaa pale pale mlangoni.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu, mama."

Alivichukua vile vipande kimoja kimoja, akavipanga mapajani. Nilingoja kupigwa. Hakunipiga. Alisema tu, "Ulishakata. Shona basi." Akatoka nje akanawa mikono, akanawa tena, mpaka maji ya beseni yakaisha. Mimi niliona ajabu, kwa kuwa hakuwa ameshika kitu kichafu.

Vile vipande tisa hakuvigusa tena. Vingine vyote tulishona pamoja, lakini vile vya kuku alinisogezea mimi. Kimoja kilikuwa na tundu dogo lililounguzwa na pasi, na mtu alikuwa amelishonea kwa uzi mwekundu, mishono ikitoka katikati na kwenda pande zote kama miale ya jua. Nilikipenda. Nilikiweka katikati kabisa ya blanketi.

Miezi michache baadaye mlima wa moto ulio juu ya mji ukapasuka.

Watu wa Goma tumezoea kuuona ukitoa moshi, hivyo asubuhi ile waliposema moto umeanza kushuka, wengi tuliendelea na kazi. Mama alipika maharagwe. Mchana tukasikia kishindo, na majivu yakaanza kudondoka kwenye sufuria. Nilipotoka, barabara ilikuwa imejaa watu kutoka ukingo mpaka ukingo, wote wakielekea mpakani, wamebeba magodoro, mbuzi, wagonjwa. Hakuna aliyepiga kelele. Mama alishika sufuria kwa mkono mmoja na mimi kwa mkono wa pili, blanketi akaliweka kichwani.

"Na gunia?"

"Achana nalo! Twende!"

Kwenye kona niligeuka. Nilikuwa nimefikiri lava ya volkano inakimbia. Haikukimbia. Ilikuja kati ya nyumba, nyeusi juu na nyekundu chini, kwa mwendo wa muzee anayetoka kanisani, ikafika kwenye nyumba moja ya mbao, ikaegemea ukuta, na nyumba ikawaka yote mara moja. Kisha ikasogea kwenye inayofuata. Nilishindwa kuinua mguu. Mama alinivuta mpaka bega likaniuma wiki nzima.

Tulivuka tukafika Gisenyi, upande wa Rwanda, tukalala kwenye uwanja wa shule pamoja na maelfu ya watu. Ardhi ilitetemeka kila baada ya muda mfupi. Siku ya tatu jua likatoka, na mama akalianika blanketi kwenye ua wa miti ili tukung'ute majivu.

Mwanamke mmoja alipita na bidoni, dumu la maji. Alikuwa na umri kama wa mama, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani. Alisimama. Bidoni ikamtoka mkononi, maji yakamwagika yote miguuni mwetu, wala hakuangalia chini. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye blanketi, akaweka kidole kwenye lile jua la uzi mwekundu.

"Hii kikwembe mulitoa wapi?"

Mama akaendelea kukung'uta majivu.

"Mama, ninakuuliza na heshima. Huu ni mukono wangu. Mudogo wangu aliiunguza na pasi siku moja mbele ya ndoa yake, akalia, nikamushonea hapa na uzi mwekundu kwa sababu mweusi ulikuwa umeisha. Mulitoa wapi?"

"Nilinunua," mama alisema. "Soko ya Kiwanja."

"Mwaka gani?"

"Zamani. Sikumbuki."

"Nani aliuzisha?"

"Sikumbuki, mama. Batu ni wengi kwa soko."

Yule mwanamke alitutazama, mama kwanza, halafu mimi. Akasema kwamba mdogo wake alitoka Kiwanja, mji ulio kaskazini ya Goma, wakati wa vita ya kwanza, miaka mitano nyuma, akiwa amejifunga kikwembe hicho na kubeba mtoto wa miezi saba mgongoni, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona. Yeye mwenyewe alitangulia na wazazi. Ametafuta kila mahali. Kisha akaokota bidoni yake tupu. "Mimi niko kule, karibu na mulango wa kanisa," alisema. "Kama mutakumbuka."

Sikuwa nimewahi kumsikia mama akisema uongo. Alikuwa mtu wa kurudi dukani akiona amepewa chumvi iliyozidi. Na soko la Kiwanja nilijua si kweli, kwa sababu sisi wenyewe tulitoka Kiwanja katika vita hiyo hiyo, na hatukurudi tena.

Mama alilitoa blanketi juani kabla halijakauka, akalikunja upande wa magunia ukiwa nje. Alasiri hiyo akasema, "Twende tuone nyumba."

Tulirudi Goma tukipita juu ya mawe mapya. Watu walikuwa wamekwisha kuchonga njia kwa miguu yao. Joto lilipanda kupitia kandambili zangu, na kulikuwa na harufu kama ya viberiti elfu vilivyowashwa pamoja. Sikuitambua mitaa. Mama alihesabu kutoka kwenye ukuta wa kanisa uliokuwa umebaki, akasimama, akasema, "Ni hapa." Hapakuwa na kitu. Hapakuwa hata na bati. Jiwe jeusi lilikuwa limejaa mpaka kimo cha dirisha letu, na moshi mweupe ulitoka kwenye ufa.

Nilidhani angelia kwa ajili ya nyumba. Alichuchumaa kwenye lile jiwe la moto, akaniambia:

"Ile kikwembe nilivua mufu."

Sikuelewa. Akarudia.

Wakati wa kukimbia vita ya kwanza nilikuwa na miaka sita. Ninakumbuka mvua na migongo ya watu. Zaidi ya hapo sikumbuki. Mama alinieleza yaliyobaki. Nilikuwa na malaria, nilikuwa natetemeka hadi meno yakagongana, na nguo zote tulizokuwa nazo zilikuwa zimelowa. Tulipofika Kalengera, risasi zilikuwa nyuma na watu walianza kuingia mashambani. Chini ya mikaratusi kando ya barabara alikuwa amelala mwanamke, amekufa, na majani mazito yalimkinga mvua, hivyo nguo zake zilikuwa kavu. Alikuwa amejifunga vikwembe viwili. Mama alichukua kile cha juu, akanifunga nacho, tukaendelea mpaka Rumangabo, na kutoka pale mpaka Goma.

"Nilimuangalia uso," mama alisema. "Nikamuambia pardon. Lakini sikumufunika. Sikuwa na kitu ya kumufunikia. Nikakwenda."

Nilimtazama mama yangu nikaona mtu nisiyemjua. Miaka mitano nilikuwa nikilivuta lile gunia. Nilikuwa nimekata kile kikwembe nikiimba. Nilikuwa nimelala usiku mzima shavu langu likiwa juu ya wale kuku. Nikatapika palepale kwenye ufa, na matapishi yakatoa sauti kwenye jiwe kama maji kwenye kikaango.

Mama aliniacha nimalize. Kisha akasimama. "Turudi Gisenyi," alisema. "Nitamuambia."

Tulimkuta yule mwanamke pale alipotuambia, karibu na mlango wa kanisa, akichambua mchele kwenye sinia. Mama alipiga magoti mbele yake. Alisema yote, kwa sauti ya kawaida, watu wakisikia: Kalengera, mikaratusi, mvua, vikwembe viwili. Mwanamke yule alisikiliza hadi mwisho. Akaweka sinia chini taratibu, akampiga mama kofi. Akampiga tena. Mama hakuinua mkono. Mimi nilipiga kelele, na watu waliokuwa wamekaa karibu wakainuka, lakini mwanamke akawazuia kwa kiganja.

"Macho yake yalikuwa wazi?"

"Yalikuwa yamefungwa."

"Damu?"

"Sikuona. Alikuwa kama mutu mwenye kulala."

"Na mutoto?"

Mama aliinua uso. "Mutoto hakukuwa."

"Sema vizuri. Alikuwa na mutoto mgongoni!"

"Ninakuapia mbele ya Mungu. Mgongo haukuwa na kitu. Ile kikwembe ya kubebea haikuwa. Alikuwa na mbili tu, za kuvaa."

Niliona midomo ya mwanamke ikihesabu: ya kwanza, ya pili, ya kubebea. Mtu alikuwa amemfungua yule mtoto mgongoni kwa mama yake. Mtu alikuwa amemchukua. Miaka mitano yote alikuwa amewaombea wawili kama marehemu, na sasa, kutoka mdomoni mwa aliyemvua ndugu yake nguo, alikuwa amepewa mmoja ambaye huenda yuko hai.

Alinigeukia mimi. "Wewe ndiye ulikuwa na malaria?"

"Ndiyo, mama."

"Ilikupita?"

"Ilinipita."

Mama alikopa wembe kwa mtu, akalitandika blanketi chini, akaanza kufumua mishono yangu. Vipande vyote tisa alivitoa yeye, bila kuharibu hata ukingo, akampa mkononi.

"Na nusu ingine?"

"Iko chini ya moto, pamoja na nyumba."

Mwanamke aliviweka vile vipande ndani ya blauzi yake. Blanketi likabaki na tundu kubwa katikati, na tulilitumia hivyo hivyo kwa majuma mengi, kwa kuwa hatukuwa na kipande hata kimoja cha kuzibia.

Njia ya kaskazini ilipotulia kidogo, watatu tulipanda lori la wachuuzi wa maharagwe tukaenda Kalengera. Tuliposhuka, mama alitembea kando ya barabara huku akigusa miti, akarudi nyuma, akasogea mbele, na mimi nikaogopa kwamba hataweza kupatambua. Mikaratusi mingi ilikuwa imekatwa na kuchomwa mkaa. Mwishowe alisimama kwenye visiki vitatu. Nyuma yake kulikuwa na shamba la viazi, na bibi mmoja alikuwa akilima.

Bibi yule hakushangaa tulipomuuliza. Alisema waliokufa njiani wakati wa mvua ile ya vita, wanaume wa kijiji waliwazika pale pale walipowakuta, kwa haraka, na akatuonyesha mstari wa mawe ambao jembe lake huuzunguka kila msimu.

"Na watoto?" mwanamke aliuliza. "Kulikuwa na mutoto wa miezi saba, musichana."

"Watoto walichukuliwa na wale waliokuwa wanapita. Mimi mwenyewe nilichukua mumoja." Alinyoosha jembe kuelekea nyumba yake. "Lakini yangu ni kijana."

Mwanamke alitaka kumwona hata hivyo. Mvulana alikuja, mrefu kuliko miaka yake, akasalimia kwa mikono miwili. Hakuwa yeye, hangeweza kuwa yeye, lakini yule mwanamke alimshika mashavu kwa muda mrefu mpaka bibi akaanza kuwa na wasiwasi. Kisha alimwachia, akapiga magoti kwenye mawe. Mama alibaki amesimama nyuma, hajui kama anaruhusiwa. Mwanamke, bila kugeuka, akapapasa hewani kwa mkono mpaka akalipata rinda la mama, akalivuta chini.

Alimtafuta yule mtoto miaka mingi. Alipita parokia kwa parokia, Rutshuru na Masisi, na kila waasi wapya walipofunga njia alirudi Goma akangoja ifunguke. Hajampata. Wakati fulani alipata habari za msichana Kiwanja, tukaenda naye, mama na mimi. Msichana akatutazama kwa woga, na mwanamke aliyekuwa naye akasimama mbele yake kama ukuta. Alikuwa mtoto wake wa kuzaa. Tukaomba radhi tukaondoka.

Mama aliendelea kushona. Lakini tangu siku zile, mtu akimletea nguo kuukuu, alimuuliza kwanza ni ya nani, na huyo mwenyewe yuko wapi, na kama jibu halikuwa wazi aliirudisha. Wengine walikasirika. Walisema amekuwa na maringo tangu nyumba yake ilipoungua. Hakuwaeleza, na mimi nilikaa miaka ishirini kabla ya kumweleza mtu.