Nilivyoificha Pumu Yangu

Nilipolazwa mara ya kwanza mjini Mbeya nilikuwa na miezi minane tu ya ndoa. Mume wangu alikuwa fundi cherehani, watu wa kwao walitoka pwani zamani wakaja na biashara ya nguo. Mimi nilikuwa binti wa wakulima wa Iringa, sijawahi kulala hospitali hata siku moja. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi imekaza, na jikoni tulikuwa tunapikia kuni mbichi. Pumu ilinibana tangu alasiri. Ilipofika magharibi nilikuwa nimekaa chini, nimeshika magoti, navuta hewa kama mtu anayefyonza pombe kwa mrija ulioziba. Mume wangu na mama mkwe walinishika huku na huku mpaka hospitali ya serikali.

Nilichomwa sindano, na haikupita nusu saa nikawa napumua kama kawaida. Daktari akasema nilale siku tatu wanitazame. Hapo ndipo shida yangu ya pili ilipoanza.

Upande wangu mmoja alilala mama aliyevunjika paja, upande wa pili mama aliyepasuliwa tumbo. Mimi nilikuwa namaliza ugali wangu wote na kwenda msalani kwa miguu yangu. Saa kumi, watu walipokuja kutazama wagonjwa, niliona macho yao yakipita kitanda kwa kitanda, kisha yakifika kwangu yanasimama. Hakuna aliyesema neno. Lakini mwezi wa nane nilirudi, na mwezi wa kumi nikarudi tena, na mara hiyo ya tatu nikasikia. Mama mmoja aliyekuwa ameungua mguu alimwambia jirani yake, kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo ilinifikia, kwamba kuna wake za watu wanaojua pa kukimbilia wakichoka kuni na maji.

Tangu siku ile, ikikaribia saa kumi, nilijifunika blanketi mpaka kidevuni nikakohoa kikohozi nisichokuwa nacho. Nesi mkubwa wa wodi, mama wa makamo wa Kinyakyusa, alinisimamia siku moja akaniuliza kama kifua kimerudi. Nikajibu kwamba kimerudi kidogo. Akaniwekea mto vizuri akaenda zake. Sikujua kama ameniamini, nikakosa raha mpaka nilipotoka.

Nyumbani mama mkwe hakuwahi kunitolea neno baya. Ila mtu mwenye hofu hata kimya cha mwenzake hukitafsiri. Akifagia uwanja bila kuniita, nilisema moyoni kwamba naye amenichoka. Nikaanza kuficha. Kifua kikibana naenda nyuma ya nyumba, nasubiri kipite. Mara ya nne nilipelekwa hospitali midomo imebadilika rangi.

Mwaka uliofuata mume wangu aliniruhusu niende Iringa kumwona mama yangu. Basi lilichukua kutwa nzima. Tulipokuwa tunapita tambarare ya Usangu vumbi lilijaa ndani mpaka abiria wakafanana wote. Nilifika kwetu kifua kinapiga filimbi, na asubuhi kaka yangu akanipeleka hospitali. Kufikia hapo pumu ilikuwa imelegea, imebaki kukohoa. Daktari alikuwa mgeni asiyejua lugha, akaniuliza kwa kinywa cha dresa, mfunga vidonda wa hospitali aliyekuwa mkalimani wake, kama hali hii imewahi kunipata kabla.

Nikasema hapana.

Siwezi kueleza utamu wa neno lile. Pale hakuna aliyenijua. Nilikuwa mgonjwa mpya, kama watu wengine. Lakini daktari alitazama kikohozi changu na jinsi nilivyokonda, akasema nitengwe kwenye jengo dogo la mwisho mpaka makohozi yangu yapimwe. Lilikuwa jengo la wanaoshukiwa kifua kikuu.

Mama yangu alikuja na chungu cha uji akaambiwa asimame nje ya dirisha. Alinisalimia toka huko. Siku ya tatu nikamwona uwanjani, ameziba mdomo kwa kanga, anamwuliza yule dresa kama ugonjwa huu huchukua muda mrefu kuua. Dresa akamjibu kwa upole kwamba bado hawajajua.

Dresa huyo, mzee wa Kihehe mwenye mvi chache, alipoingia kunitazama alinisalimia kama kawaida yake. "Kamwene."

"Kamwene, baba. Nimewadanganya. Hii ni pumu. Nimelazwa Mbeya mara nne."

Akakaa ukingoni mwa kitanda kilichokuwa wazi. "Ulituficha kwa nini?"

"Niliogopa mtaniona mtu anayependa hospitali."

Hakucheka. "Binti yangu, mtu aliyelazwa mara nne ndiye anayenifaa. Ananiambia sindano ipi ilimsaidia. Wewe umetufanya tubahatishe siku tatu."

Akaenda kumwambia daktari. Jioni ile nilichomwa sindano, nikalala chali kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye basi. Majibu ya makohozi yalipokuja, hayakuwa na kitu. Mama yangu aliruhusiwa kuingia, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akalia, kisha akakasirika. "Umeniliza siku tatu kwa sababu ya macho ya watu?" Nilijiona mjinga, na ujinga ule ulikuwa mwepesi kuubeba kuliko hofu niliyoizoea.

Niliporudi Mbeya, siku moja sokoni nikakutana na yule mama wa mguu ulioungua, anauza viazi. Nikamsalimia, nikamkumbusha kwamba tulilazwa pamoja. Alinitazama sana.

"Mdogo wangu, unisamehe, sikukumbuki," akasema. "Siku zile nilikuwa nauwaza mguu wangu tu, nikidhani watanikata."

Akaniongezea viazi viwili. Nilitembea mpaka nyumbani nikicheka peke yangu. Miezi mingapi nilikuwa nimemwogopa mtu asiyenikumbuka hata sura?

Baridi ilipoingia tena, kifua kilianza kubana wakati wa kupika mchana. Nilimwambia mama mkwe pale pale. Akaepua chungu, akachukua kanga yake, tukaenda polepole, nikiwa bado naweza kuongea njiani. Nesi mkubwa aliponiona mlangoni alisema tu kwamba safari hii nimewahi, akaita sindano.

Nililala siku mbili. Kitanda cha pili alikuwepo binti aliyevunjika mkono, nywele zake zimesokotana kwa kukosa wa kumsaidia. Nikamwomba nimsuke. Saa kumi watu walipoingia walinikuta nimekaa kitandani mzima kabisa, kichwa cha yule binti kimeniegemea magotini, na mimi nagawa mistari.