Liva Nyekundu ya Fundi Ngowa

Dukani kwangu nimeona vijana wakitokwa na machozi kwa kufungwa mpira wa kwenye kioo, na mzee mmoja mwenye heshima zake akiipiga meza ngumi kwa sababu ya karata za kompyuta. Lakini mtu wa kuangusha ndege kisha akafurahi nimemwona mmoja tu, naye ni fundi Ngowa.

Duka lenyewe liko Kibokoni, chini ya nyumba aliyotuachia bibi, mlango wa pili kutoka msikitini. Napiga chapa, natoa nakala, nawajazia watu fomu za serikali, na chumba cha nyuma nimeweka mashine sita za michezo. Jina langu Mzamil. Watu husema nina hasira za karibu, nami sikatai, maana ukikaa siku nzima na watu wanaokuuliza kama picha ya pasipoti yaweza kuondolewa chunusi, utakuwa na hasira hata wewe.

Ngowa alikuwa fundi wa injini za ndege miaka ishirini na miwili, katika banda moja kule ng'ambo ya Makupa, karibu na uwanja wa ndege wa hapa kwetu. Ni mtu wa Kaloleni, Mkristo wa kanisa la kila Jumapili, amepanga chumba kwenye uchochoro wa nyuma yetu pamoja na mama yake, Bi Sidi. Ndugu yake mdogo alipokufa aliiacha kazi ile. Siku hizi hutengeneza jenereta na mashine za boti, na akizimaliza hukaa mlangoni akitazama mikono yake.

Ndugu huyo, Fondo, alikuwa rubani. Alikuwa akirusha vindege vya pwani, Malindi na Lamu na kurudi, hadi mwaka juzi alipopata kazi bara, ya ndege ya mizigo. Ndege kuukuu, injini mbili, ina umri wa kuwa babu yake. Wiki ya tatu aliondoka katika kiwanja cha udongo huko milimani, amebeba magunia ya unga na mabomba ya maji. Ndege haikupanda. Ikaenda hivyo hivyo chinichini mpaka mwisho wa bonde, ikagonga. Walikufa wawili, Fondo na mpakiaji wake, Katana, rafiki yake wa tangu utotoni ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwita kazini. Ripoti ikasema kosa ni la rubani. Ilikuwa ndefu lakini watu walisoma mstari huo tu.

Katana alikuwa na mke, Kadzo, anayeuzia madereva wa malori chai na mahamri pale Makupa. Siku ya mazishi Kadzo alisimama mbele ya umati akasema, "Fondo ndiye aliyemuua mume wangu." Bi Sidi alikuwa amekaa mkekani hatua tatu kutoka pale. Tangu siku hiyo mama yule hajakanyaga kanisani, hatoki nje, na chakula anakula kwa kubembelezwa. Amekwisha, amebaki macho. Na kila asubuhi humuuliza Ngowa swali lile lile: mwanangu Fondo ameua mtu? Ngowa humjibu, hapana, Mama, bonde lile halipitiki. Naye humuuliza, nani atakayeshuhudia?

Basi siku moja Ngowa alikuja kupiga chapa risiti, akakuta nimeacha wazi kwenye kioo tangazo la mashindano ya urubani wa kompyuta. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelifungua kwa udadisi tu. Masharti yake: ndege za mizigo za kale, vituo saba vya milimani, unashika kila kitu kwa mkono wako, hakuna mtambo wa kukuongoza. Kila kituo una majaribio matatu, ukianguka mara tatu umetoka. Chini paliorodheshwa viwanja. Ngowa alisoma huku akifuata kwa kidole, na kwenye kituo cha nne kidole kikasimama.

"Bwana Mzamil," akasema, "hiki ndicho kiwanja chake."

Nikadhani ataondoka. Akavuta kiti.

Miezi miwili alikuja kila siku baada ya adhuhuri, mashine namba tatu. Usukani wangu wa plastiki aliudharau. Akatengeneza mwenyewe sanduku la mbao lenye liva tatu, mikono ya kusukuma na kuvuta, kama za ndege yenyewe: nyeusi ya nguvu za injini, buluu ya mapanga yanayozunguka mbele ya injini, na nyekundu ya kupima petroli inayochanganywa na hewa. Ile nyekundu aliipaka kwa rangi ya kucha aliyonunua Marikiti. Nikamtania, "Fundi, hiyo nyekundu huigusi, waipamba ya nini?" Kwa kweli hakuwa akiigusa. Akiwasha injini huisukuma mbele kabisa na kuisahau, mpaka anatua. Akanijibu kwa ukali wa mwalimu, "Hii haichezewi. Ukiivuta unaipunguzia injini petroli, inapata moto, inapasuka. Nimefungua injini ngapi zilizoungua kwa ujuaji wa marubani!"

Vituo vitatu vya kwanza, vya mabondeni chini kwenye joto, alivipita bila jasho. Nikaanza kujivuna barazani kwamba duka langu lina rubani.

Kikafika kituo cha nne. Futi elfu saba na mia tano kutoka usawa wa bahari, asubuhi ya kompyuta, mzigo kamili. Ndege ilikimbia, ikanyanyuka kwa shida, ikaingia bondeni. Milima huku na huku. Nyuma ya injini kulikuwa na moshi mweusi, nami nikadhani ndivyo wazee wanavyokohoa. Mshale wa kupanda ulikuwa umelala. Mbele bonde likazidi kuinuka, kisha miti, kisha kioo kikawa chekundu.

Mimi niliruka. Yeye aligeuka akanitazama, anatabasamu.

"Umeona?" akasema. "Umeona mwenyewe? Haipitiki!"

Jaribio la pili alilifanya wiki iliyofuata, akaanguka karibu pale pale. Mara hii alicheka kwa sauti, akanishika mabega yote mawili, machozi yakimtoka.  Hapo ndipo nilipofahamu kwamba hakujiunga ili ashinde. Alitaka shahidi.

"Limebaki moja," akaniambia. "Hilo nitalifanya mbele ya Kadzo."

Nilimwambia aache. Nilimwambia mjane wa watu hatolewi Makupa kuja kutazama kifo cha mumewe kwenye kioo, ni ukatili. Tukagombana, nami nikamwambia maneno ambayo sikupaswa kumwambia mtu aliyefiwa. Akangoja nimalize. Kisha akasema, "Mama hajala tangu jana. Nisipompa kitu wiki hii nitamzika." 

Jinsi alivyomshawishi Kadzo sijui. Jumamosi, baada ya alasiri, nilikuwa nimefunga mlango wa mbele nusu na kuwatoa wateja wote, akaingia. Mwanamke mrefu, leso mbili, mikono ina harufu ya iliki. Akanisalimu vizuri, "Masalkheri, Bwana Mzamil," na mimi nikamuitikia na kumpa kiti. Ngowa hakumtazama. Kadzo akakaa pembeni yake, mkono wa kushoto.

"Nimekuja kwa sababu ya mama yako," Kadzo akasema. "Si kwa sababu yako. Nionyeshe unachotaka kunionyesha, niende zangu, nimeacha sufuria motoni."

"Ninachotaka ni utazame tu," Ngowa akasema. "Ndege ni ile, kiwanja ni kile, mzigo ni ule. Nitaendesha kwa uwezo wangu wote, na haitapita. Halafu uende ukamwambie Mama ulichoona."

"Ikipita?"

"Haitapita."

Katika mashindano yale, wenzako waliokwishaanguka huruhusiwa kutazama na kusema. Nilikuwa nimefungua spika ili Kadzo asikie kwamba kuna watu wengine na si hila yetu. Aliyekuwa akitazama siku hiyo ni mmoja, dada wa Eldoret aitwaye Kate, ambaye alifika kituo cha sita.

Ngowa akawasha. Nyekundu mbele kabisa, buluu mbele, nyeusi mbele. Ndege ikaanza kukimbia kwenye udongo, nami nikaona mikono ya Kadzo imeshika ukingo wa kiti. Ikanyanyuka. Bonde likafunguka. Moshi mweusi nyuma.

Spika ikasema, "Kaka Ngowa, kwani injini zako zinatoa moshi wa nini?"

Ngowa alikaza macho mbele.

"Umeweka petroli nyingi," Kate akasema. "Huku juu hewa ni kidogo, injini inalewa. Ni kama jiko la mafuta ukipandisha utambi kupita kiasi, linatoa masizi na maji hayachemki. Vuta liva nyekundu nyuma kidogo. Sisi huku hiyo ndiyo kitu ya kwanza tunafundishwa."

"Ukiivuta zitaungua," Ngowa akasema. Hakuwa akimwambia Kate, wala mimi.

"Hayo ni mambo ya pwani," Kate akasema. "Ukiwa chini, ndio, zitaungua. Huku vuta."

Mkono wa Ngowa ulikuwa juu ya ile liva. Haukusogea. Mlima ulikuwa unakuja.

"Vuta," Kadzo akasema.

"Kadzo, huelewi. Injini..."

"Injini gani? Ya kwenye kioo? Acha iungue! Umesema haipitiki. Kama haipitiki, vuta tuone."

 Ngowa akavuta, kadiri ya vidole viwili.

Sauti ya injini ilibadilika saa ile ile. Hata mimi nisiyejua kitu niliisikia, ilikaza. Moshi ukawa mwembamba, ukaisha. Mshale uliokuwa umelala ukaamka, ukaanza kupanda, polepole, bila kurudi nyuma. Miti ambayo mara mbili niliiona ikija usoni ikashuka chini ya pua ya ndege. Ukingo wa bonde ukapita chini yetu na nafasi ikabaki, hata nyumba ya ghorofa tatu ingeingia pale. Upande wa pili palikuwa na mbuga pana ya kijani na jua.

"Safi kabisa!" Kate akasema. "Karibu kituo cha tano."

Nilizima spika.

Ngowa alikuwa bado ameishika liva. Sijapata kumwona mtu mzima akiwa na uso ule, na sitaki kumwona tena. Ndege iliendelea kuruka peke yake juu ya mbuga, hakuna aliyeishughulikia.

"Kumbe inapita," Kadzo akasema. Hakusema kwa ushindi. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Vidole viwili tu. Katana wangu amekufa kwa vidole viwili. Na yeye Fondo, rubani wa kusomea, hakujua?"

Hapo Ngowa angeweza kunyamaza. Wallahi, angenyamaza mimi nisingejua, Kadzo asingejua, ulimwengu mzima usingejua. Mambo yangebaki palepale yalipokuwa, rubani amekosea, basi.

"Alijua," akasema.

Tukamtazama.

"Alinipigia simu jioni ya kuamkia siku ile. Akaniambia, kaka, ndege huku ni nzito, haitaki kupanda. Shuleni walitufundisha kwamba kiwanja kikiwa juu tuivute nyekundu kidogo. Wewe waonaje? Nikamwambia..." Akaitazama ile liva. "Nikamwambia walimu wa darasani hawajafungua injini hata moja maishani mwao. Mimi nimefungua mia. Sukuma mbele, usiiguse. Akaniambia, sawa, kaka."

Miaka ishirini na miwili, injini zake zote alizijaribia hapa kwetu, ambapo bahari iko miguuni. Hakuwahi kufanya kazi mahali ambapo hewa ni haba. Waswahili twasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Fondo alilisikia la mkuu.

Kadzo aliinamisha kichwa, akakishika kwa mikono miwili. Alilia bila sauti, mabega tu. Nami nikasimama kama mjinga karibu na mashine ya kutoa nakala.

Simu ya Ngowa ikaita. Alikuwa amemwahidi mama yake kwamba alasiri ikipita atapata jibu, na mama hakuweza kungoja zaidi. Ngowa aliitazama ikiita mpaka nikadhani ataiacha. Kisha akaipokea, akafungua sauti, akaiweka mezani.

"Kadzo amefika?" sauti ya Bi Sidi ikauliza.

"Amefika, Mama. Yuko hapa."

"Ameona?"

"Ameona."

"Basi mwanangu Fondo hakuua mtu."

"Hakuua, Mama. Alifanya alivyoambiwa na mkubwa wake." Akashusha sauti. "Ni mimi, Mama. Ni mimi niliyemwambia."

Feni la dukani kwangu lina kelele, na Bi Sidi masikio yake si mazima. 

"Sema kwa nguvu, mwanangu," akasema. "Hilo la mwisho sikulisikia."

Nikalizima feni. Ngowa akainama karibu na simu, akalisema tena.